Kiingereza, Mkwaju, Kiswahili

Hitima ya mjomba wangu Hamisi ilisomwa nyumbani kwake Ukunda, Ijumaa baada ya swala, na wengi waliokuja walikuwa watu wa hoteli. Mjomba alikuwa weita katika hoteli za Diani maisha yake yote ya kazi. Wenzake wa zamani walikaa kwenye mikeka uani, wazee watupu sasa, lakini migongo yao bado imenyooka, na hakuna hata mmoja aliyeweza kutazama sinia likipita bila mikono kumuwasha. Mjukuu wa marehemu alipoleta pilau, mzee mmoja alimpokonya sahani. "Toa kidole gumba kwenye chakula, mama. Babu yako angeona hivi angefufuka akuoneshe." Watu wakacheka, wakakumbuka kilichowaleta, wakanyamaza, kisha wakacheka tena. Mimi nilikuwa nimekaa mlangoni, kati ya mikeka ya wanaume na jiko la wanawake, kwa sababu kazi ya redio imenizoesha kukaa pale ninapoweza kusikia pande mbili.

Ndipo jirani mmoja, mtu mwema asiyejua kunyamaza, alipoanza ile hadithi ninayoijua. "Na huyu Nyamvula mnayemsikia akisoma habari, mwajua ni kazi ya nani? Ni marehemu aliyemshika mkono akamwambia, rudia Kiingereza. Angemwachilia, leo angekuwa wapi?" Wazee wakatikisa vichwa, wakanigeukia kwa upole, na mimi nikainamisha macho, kama ninavyofanya kila mara. Hadithi hiyo nimeisikia kwenye harusi, kwenye maulidi, hata kwenye foleni ya benki. Mjomba mwenyewe hakuisimulia. Watu walipoianza mbele yake, alikuwa akiinuka na kukusanya sahani, hata kama watu hawajamaliza kula. Nilikuwa nikidhani ni unyenyekevu wa mtu aliyezoea kuhudumia wengine. Nilidhani hivyo mpaka Ijumaa ile.

Mwaka ninaotaka kuueleza ni ule uliofuata kidato cha nne. Nilikuwa nimetoka Samburu, ile ya kwetu ya barabara ya Nairobi, yenye malori na mbuzi, nikaja kukaa kwa Mjomba nikingoja kujua nitakuwa nani. Mjomba na mkewe, Bi Mwanaidi, walikuwa na vyumba viwili katika nyumba ya kupanga yenye ua wa saruji katikati, bomba moja, na kamba za nguo zilizokatiza kila upande. Chumba cha mbele kilikuwa na meza ndogo ambayo kwa siku nzima ilikuwa ya kupigia pasi, na jioni ikawa meza ya chakula. Mjomba hakukubali tule bila kuitandika. Kitambaa cheupe kilichostaafu hotelini, kijiko kulia, glasi juu ya kijiko, hata kama chakula chenyewe ni sima na mtsunga, mboga ile chungu ya kwetu. Bi Mwanaidi alikuwa akimtania: "Wageni wako leo wanatoka Ujerumani au Italia?" Naye hujibu akinyoosha kitambaa: "Wanatoka Samburu. Hao ndio wagumu kuridhika." Nilipenda meza ile kuliko nilivyojua wakati huo. Kwetu nilikuwa nimezoea kula nikiwa nimechuchumaa, macho yangu yakiwa kwenye mbuzi asije akaingiza mdomo kwenye sufuria. Pale, mtu mzima mwenye shati lililopigwa pasi alinivutia kiti.

Upande wa pili wa ua alikaa Njeri. Alikuwa mkubwa kwangu kwa miaka michache, msichana wa Njoro aliyeshuka Pwani kutafuta kazi, na alikuwa ameipata kwenye dobi la hoteli moja, akikunja shuka mahali ambapo wageni hawafiki. Alikuwa na Kiingereza kizuri na sauti ya kupokea watu. Lakini meno yake yalikuwa ya kahawia, mengine yenye madoa kama chai iliyomwagika kwenye kitambaa, na alipocheka mkono ulipanda wenyewe kufunika kinywa. Alinisimulia siku moja tukifua. "Niliendea kazi ya risepsheni, si unajua. Maneja akaniskiza vizuri tu, nikacheka kidogo, basi. Akaniambia, tutakupigia. Kesho yake nikapelekwa dobi." Nilimuuliza kama aliwahi kwenda kusafisha. "Wee! Kwa daktari? Aanze kuniuliza kama huwa napiga mswaki? Mimi hupiga mswaki mara tatu, Nyamvula. Mara tatu! Sijui kwa nini Mungu haoni."

Nilimwambia nitamsindikiza. Tulikwenda kituo cha afya upande wa Msambweni, ambako kulikuwa na chumba cha meno na afisa mmoja wa afya ya kinywa, Bwana Mutua, Mkamba mrefu mwenye vidole vyembamba. Nakumbuka chumba kile kuliko vyumba vingi nilivyolala. Dirisha lilipakwa rangi nyeupe nusu ya chini ili watu wa nje wasichungulie, kiti cha kijani kilichopasuka mkononi na kuzibwa kwa plasta ya hospitali, harufu ya karafuu na dawa ya kuulia vijidudu, na kioo kidogo cha duara ambacho Bwana Mutua alikipasha joto kwenye kiganja kabla hajakiingiza kinywani mwa mtu, kisipate ukungu. Njeri alikaa akafumba macho kama anayengoja kupigwa. Bwana Mutua alitazama kwa muda, kisha akauliza, "Dada, umezaliwa wapi?"

"Njoro."

"Nilijua. Sasa nani alikwambia haya ni uchafu?"

Njeri akafumbua macho. "Kila mtu."

"Basi kila mtu amekosea. Haya ni maji mliyokunywa utotoni. Yana madini mengi, na rangi iliingia jino likiwa bado linaumbika. Hata ukisugua kwa mchanga haitoki, na usijaribu. Uchafu ni huu hapa nyuma, huu ukoga, kama alionao kila mtu. Huu nitautoa sasa hivi. Hiyo rangi ni yako, lakini si kosa lako."

Aliutoa ukoga taratibu, akikwangua kwa kifaa chenye ncha iliyopinda, akimwambia kila mara anachotaka kufanya kabla hajakifanya. Tulipotoka, Njeri alitembea hatua kadhaa, halafu akacheka kwa sauti, kinywa wazi, mikono chini. Mpaka wanaume wawili wenye baiskeli walipotokea mbele yetu, mkono ukapanda tena. Lakini nilikuwa nimeona. Kama ningeulizwa ni lini niliamua kazi yangu, ningetaja pale, kwenye njia ile ya mchanga, kabla ya wale wenye baiskeli kutokea. Nilitaka kuwa mtu wa kumwambia mwingine jambo kama lile, kisha niwe na kifaa mkononi cha kufanya lile linalowezekana.

Nilirudi wiki iliyofuata kuuliza kama kuna kazi ya kufagia. Kumbe Bwana Mutua alikuwa na shida nyingine. Kiswahili alikijua, lakini bibi wa Mkongani au wa Lunga Lunga akianza kueleza maumivu yake kwa Kidigo, yeye hubaki akitikisa kichwa tu. Nikawa mkalimani wake. Nilifagia, nikachemsha vyombo, nikasimama kando ya kiti na kutafsiri. Nakumbuka bibi mmoja mla tambuu, mwenye fizi nyekundu na ukoga mgumu kama chokaa ya kisima, aliyeniamuru: "Mwambie huyu mwanangu asining'oe. Nimebaki na haya tu ya kusemea." Nilipomweleza Bwana Mutua, alicheka akasema hatang'oa hata moja, kazi yake ni kuyabakiza. Bibi hakuamini mpaka mwisho, alipohesabu kwa ulimi na kukuta yote yapo. Akanishika kidevu. "Nawe soma hii. Una mikono midogo, hutaumiza watu." Bwana Mutua alisikia nilipomtafsiria, akasema kwa Kiswahili chake cha kukata: "Huyo amesema kweli. Chuo kinatangaza nafasi karibuni. Biolojia unayo?" Nilikuwa nayo, nzuri. Kemia nilikuwa nayo, ya kutosha. Kiswahili nilikuwa na B, ambayo mwalimu wangu aliitangaza mbele ya shule nzima. Kiingereza nilikuwa na D, na hiyo sikuitaja, kwa sababu hakuiuliza.

Tangazo lilitoka kwenye gazeti, na Mjomba ndiye aliyelileta. Hotelini walisoma magazeti baada ya wageni kuyaacha. Alilileta limekunjwa ndani ya leso safi, kama mtu aliyebeba keki, akalitandaza juu ya kitambaa cheupe kabla ya chakula. Bi Mwanaidi alisogeza mbaazi pembeni. Sifa za kujiunga zilikuwa mistari michache tu kwa kila kozi. Ya kwangu ilitaka wastani wa C katika mtihani wa kidato cha nne, C ya Biolojia, C ya kutoa ya Kemia, kisha mstari wa mwisho: C ya Kiingereza, halafu ule mstari ulioinama, halafu Kiswahili. Mstari ulioinama shuleni tuliuita mkwaju. Mjomba aliusoma kwa sauti, akiutamka kama neno kamili. "Kiingereza, mkwaju, Kiswahili." Akanitazama. Akaweka kidole juu yake. "Hapa ndipo penye kazi, mwanangu."

Nikamwambia, "Mjomba, mwalimu alitufundisha kwamba mkwaju maana yake ni 'au'."

Nakumbuka hakunidharau. Alivuta kiti, akakaa, akachukua kalamu aliyoiweka daima kwenye mfuko wa shati. Pembeni mwa gazeti akaandika: chai, mkwaju, mahamri. Chini yake: samaki, mkwaju, wali. "Hizi ni oda. Kila siku ya Mungu naandika oda hizi nikizipeleka jikoni. Nikiandika hivi, mpishi anatoa nini?"

"Chai na mahamri."

"Na samaki?"

"Na wali."

"Akitoa samaki peke yake, mgeni atafanya nini?"

Bi Mwanaidi akajibu toka jikoni, "Atataka kumuona maneja."

"Atataka kumuona maneja," Mjomba akarudia. "Hiyo 'au' yenu ni ya shuleni, ya zoezi. Watu wa kazi wakiweka mkwaju, wanataka vyote viwili kwenye sahani moja. Ukienda na kimoja watakurudisha mlangoni, tena mbele za watu. Mimi sitaki urudishwe mlangoni."

Alikuwa ameniona nikipenda kitu, na akaogopa kwa ajili yangu. Hilo lilikuwa dhahiri hata wakati ule, kwa jinsi alivyoshika kalamu. Kuhusu oda alikuwa sahihi. Nimekwenda jikoni za hoteli tangu hapo, nimeona, ndivyo wanavyoandika. Nami nilikuwa sahihi kuhusu mkwaju, na nilikuwa na B ya Kiswahili ya kunithibitishia. Ninachokirudia kichwani ni jinsi nilivyoiweka B ile pembeni upesi. Mkwaju nilikuwa nimeufundishwa kwa chaki, ubaoni, na mwalimu ambaye shati lake lilikuwa limechakaa kwenye kola. Mjomba alikuwa anafanya kazi mahali penye vitambaa vyeupe. Niliamini kwamba dunia ya kazi ina Kiswahili chake, na kile nilichofaulu mimi kilikuwa cha mtihani tu.

Kesho yake nilimwendea Bwana Mutua kwa ushauri, kwa sababu hata kutii kwangu nilitaka kuwe na uthibitisho. Alikuwa anaosha mikono, mgongo ukiwa kwangu. "Vipi, tangazo umeliona? Umetimiza sifa?"

"Bado Kiingereza," nikasema.

"Ah, Kiingereza kifanyie kazi kweli," akasema, akifunga bomba kwa kiwiko. "Masomo yote kule ni Kiingereza. Hata jina la ukoga utalisahau kwa Kiswahili."

Ndivyo tulivyosema, maneno hayo tu. Yeye alidhani naogopa lugha ya darasani. Mimi nilisikia kwamba Mjomba amesema kweli. Nimefanya mahojiano mengi katika kazi yangu, na sijawahi kuacha jibu kama lile lipite bila kuuliza la pili. Nadhani nilijifunza hapo, lakini nilijifunza nikiwa nimeshachelewa.

Basi nikajiandikisha kurudia mtihani, wote, kwa ajili ya somo moja, kwenye shule ya kutwa iliyokubali watu wa kurudia. Niliwaona wenye umri wangu wakianza mambo yao, nami nimevaa tena sketi ya shule. Muhula wa chuo ulifunguliwa bila mimi. Bwana Mutua aliniuliza mara moja tu mbona sikuomba, nikamwambia narudia Kiingereza, akaniangalia kwa mshangao, akafungua kinywa, na papo hapo mama mmoja akaingia amembeba mtoto aliyevimba shavu. Baada ya hapo alihamishiwa kwao, na aliyekuja badala yake hakuhitaji mkalimani.

Lakini nikisema mwaka ule ulikuwa wa huzuni nitakuwa nadanganya. Ulikuwa na furaha ambazo sasa ndizo zinazoniuma. Mjomba aliamua kwamba mezani tutasema Kiingereza, na Kiingereza chake chote kilikuwa cha hotelini. Aliniinamia na sahani ya sima akiniuliza kwa heshima kubwa mayai yangu niyapendeje. Bi Mwanaidi aliyejua maneno mawili tu aliyatumia kwa kila jambo, hata kumfukuza paka. Njeri alivuka ua na kikombe chake kuja kunifundisha kwa kweli, alinirekebisha insha, akanisomesha kwa sauti magazeti ya wageni, akaniambia, "Usimeze mwisho wa neno, Nyamvula, watu wa redio hawamezi." Alikuwa na ndoto moja aliyoirudia kwa mzaha mpaka ikawa si mzaha. "Ukimaliza hiyo kozi yako, mimi ndiye kastoma wa kwanza. Sitaki mwingine aniguse. Halafu naenda risepsheni nawachekea wote, hata kama bado ni brown. Nitawaambia ni maji ya kwetu." Tulicheka, na katika chumba kile chetu mkono wake haukupanda.

Matokeo yalipotoka nilikuwa na C ya juu ya Kiingereza. Mjomba alinunua soda, akaimimina kwenye glasi ya mvinyo aliyoazima hotelini. Tangazo lilikuwa halijaonekana kwenye gazeti, kwa hiyo nilikwenda mwenyewe Mombasa kuuliza, na vyeti vyangu vyote viwili kwenye bahasha, cha kwanza na cha pili, kwa sababu mimi ni mtu wa kubeba kila kitu. Katika ofisi ya udahili alikuwapo mama wa makamo mwenye miwani iliyofungwa kwa mnyororo. Shikamoo yangu aliiitikia vizuri. Alisoma cheti kipya, akasikitika. "Mwanangu, mwaka huu wameongeza sifa. Sasa wanataka na Fizikia. Fizikia hukufanya?" Shule yetu haikuwa na maabara, hakuna aliyefanya. Akageuza karatasi, akakiona cheti cha kwanza, akakisoma, akanitazama juu ya miwani.

"Hiki ni chako?"

"Ndiyo, mama."

"Mbona hukuja mwaka jana?"

"Nilikuwa na D ya Kiingereza."

"Lakini Kiswahili una B." Alisema kwa sauti ya mtu anayengoja umalizie. Kisha akavuta tangazo la zamani ubaoni nyuma yake, akaniwekea mbele. Lilikuwa lile lile. Akagusa pale pale alipogusa Mjomba, kwa kidole kile kile cha shahada. "Hapa pana mkwaju, mama. Mkwaju ni 'au'. Ulikuwa umefuzu."

Sikulia pale. Nilimshukuru, nikamwomba Mungu amzidishie, nikatoka. Nililia kwenye feri, nikiwa nimesimama kati ya mkokoteni wa vitunguu na gari la harusi lililopambwa maua, watu wakidhani nimefiwa. Nilipofika Likoni nilikuwa nimeshajua nitakachosema nyumbani.

Meza ilikuwa imetandikwa. Hata maua yalikuwapo, mawaridi ya plastiki. Mjomba alikuwa amebadilisha zamu ili awepo. "Enhe? Wamesemaje?"

"Wameongeza Fizikia," nikasema.

Akakaa. Bi Mwanaidi akaweka sufuria chini polepole. "Fizikia," Mjomba akasema. "Mwaka jana haikuwapo."

"Haikuwapo."

Tukala. Mjomba alikuwa amepika mwenyewe samaki wa kupaka, na nilijilazimisha kumaliza. Mwishoni, akifuta makombo kwa kisu kama wafanyavyo hotelini, aliniuliza bila kuniangalia, "Na ule mkwaju?"

"Uko pale pale," nikamjibu.

Hakuuliza tena. Mimi nami sikuongeza. Baadaye kituo cha redio kilipofunguliwa kilitafuta msichana wa Kwale anayejua lugha zetu na anayesoma Kiingereza bila kumeza mwisho wa maneno, nikapata kazi, na nimeifanya kwa bidii, na imenilea. Ndiyo maana watu wanaisimulia ile hadithi kama ya baraka. Sina haki ya kuilalamikia kazi hii. Lakini Njeri aliondoka msimu hoteli zilipopunguza watu, akarudi kwao bila kuwahi kutolewa dobini, akaniachia mtungi na sufuria mbili, na sikuwahi kumgusa jino hata moja. Kila nikipita kwenye chumba cha meno, popote, nasimama kidogo mlangoni. Harufu ya karafuu ni ile ile. Nimehoji maafisa wa afya ya kinywa mara nyingi, na huwa nawauliza swali moja nje ya kipindi: kama huwa wanapasha kioo joto kiganjani. Wengi hucheka wakisema ndiyo. Nawaonea wivu hata kicheko hicho.

Nilikuwa nimefika hapo katika mawazo yangu, pale mlangoni, siku ya hitima, chai ilipoanza kugawiwa. Mzee aliyempokonya mjukuu sahani, anayeitwa Kazungu, aliyefanya kazi zamu moja na Mjomba miaka mingi, alikuwa anawachekesha wenzake. "Hamisi alikuwa na mambo! Mwamkumbuka alivyokuwa akiandika oda? Sisi sote tunaweka mkwaju, tunapita. Yeye anaandika barua! 'Chai NA mahamri.' 'Samaki NA wali.' Mgeni akisema hana hakika, anaandika 'juisi AU maji', kwa herufi kubwa. Jikoni wanapiga kelele, Mzee Hamisi, tutangoja usaini?"

"Lakini zamani hakuwa hivyo," mwingine akasema.

"Zamani hakuwa hivyo kabisa. Alibadilika siku moja tu. Nilikuwapo. Alikuja zamu ya asubuhi, akamwendea yule mpishi mkuu wa bara, akamuuliza, 'Hebu niambie. Hiki kikwaju, nje ya jikoni, maana yake nini?' Mpishi akamwambia, 'Nje ya jikoni? Ni au, Mzee. Kila mtu ajua.' Basi Hamisi akaenda kwenye sinki akaanza kuosha glasi. Glasi safi! Anaziosha, anazirudisha, anazichukua tena. Nikamuuliza, wewe, una nini? Akaniambia, 'Mpwa wangu alikwenda Mombasa jana.' Nikamwambia, sasa Mombasa na glasi wapi na wapi?"

Uwanja mzima ukacheka. Bi Mwanaidi alicheka pia jikoni, huku akijifuta macho kwa ncha ya leso, maana hata yeye hakuwa akikijua kisa hicho. Mzee Kazungu, aliyefurahi kwamba hadithi yake imefana, alinigeukia mlangoni akingoja na mimi nicheke.

Niliinuka, nikaanza kukusanya sahani.